Tarakimu Saba za Kusadikika

Mgongoni mwa nakala ya Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, kwenye maktaba inayofuata mfumo wa Dewey, panatakiwa pasomeke 896.3923. Mara nyingi hapasomeki. Kitabu chenyewe ni chembamba, lebo ya tarakimu saba haienei, na mkutubi huishia kuibandika kwenye kona ya jalada la mbele. Riwaya ya Mwingereza iliyo rafu ya jirani ina 823 tu, nayo inakaa vizuri mahali pake.

Urefu huo hautokani na uzito wa kitabu wala ugumu wa mada. Ngũgĩ wa Thiong'o alipoandika A Grain of Wheat kwa Kiingereza, mfumo ulimpa 823. Alipohamia Kikuyu na kutoa Caitaani Mũtharabainĩ mwaka 1980, mwandishi yuleyule, utanzu uleule, akaangukia 896.39543. Tarakimu tano zaidi, kwa kubadili lugha.

Tuifungue namba ya Kusadikika tuone kilichomo. Ile 8 ya mwanzo ni fasihi. Inayofuata, 9, ni fasihi za lugha "nyinginezo". Kisha 6, lugha za Afrika, 3, jamii ya Niger-Kongo, 9, Kibantu, 2, hatimaye Kiswahili. Ile 3 ya mkiani ndiyo inayosema kwamba hii ni hadithi ya kubuni. Ingekuwa diwani pangekaa 1, tamthilia 2, insha 4. Riwaya ya Kiingereza inafika kwa hatua tatu: fasihi, Kiingereza, riwaya. Ya Kiswahili hulazimika kwanza kutaja bara lake, ukoo wake na mlango wake.

Melvil Dewey alikuwa na miaka 24 alipotoa mfumo huu mwaka 1876, kijitabu cha kurasa 44 kisicho na jina lake, akifanya kazi kwenye maktaba ya Chuo cha Amherst, Massachusetts. Kabla yake maktaba nyingi zilikipa kitabu namba ya kabati na rafu kilipokaa. Rafu ikijaa, namba zote zinavurugika. Dewey aliitoa namba kwenye rafu akaipa mada, tena akatumia desimali, ili kati ya namba mbili zozote paweze kuchomekwa nyingine bila kuzisumbua zilizopo. Ni fundi aliyejua kazi yake, na ndiyo maana mfumo ungali hai. Ila mafungu ya fasihi aliyagawa kwa macho ya chuo cha Marekani cha wakati wake: Marekani 810, Kiingereza 820, Kijerumani na ndugu zake 830, Kifaransa 840, Kiitaliano 850, Kihispania 860, Kilatini 870, Kigiriki 880. Dunia nzima iliyosalia, Warusi, Waarabu, Wachina na sisi, ikabanwa ndani ya 890.

Kwenye dini mbano ni mkali zaidi. Kuanzia 220 hadi 289 ni Biblia na Ukristo. Uislamu wote umo ndani ya 297. Biblia ya Kiswahili inajengwa kwa kuchukua 220.5, namba ya tafsiri, na kuunganisha 96392, namba ya lugha: 220.596392. Tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili, kama ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ya mwaka 1969, inaanzia 297.1225 ndipo iongezwe lugha: 297.122596392. Tarakimu tisa dhidi ya 12. Kwa maktaba ya Unguja, ambako vitabu vya Kiislamu ndivyo vinavyojaza rafu, huo ni mzigo wa kila siku kwa anayepanga vitabu na kwa mtoto anayetumwa kukitafuta kimoja.

Wengi huishia hapo, wakalaumu ukoloni wa namba. Lawama hiyo ina haki yake, lakini haimsaidii mkutubi mwenye maboksi ya vitabu mezani. Mimi naona swali la kazi ni jingine: tarakimu hizi zinatenganisha nini na nini? Ofisini kwa OCLC, jimbo la Ohio, wamiliki wa mfumo huu tangu 1988, 896.392 ni habari kamili, maana hapo Kiswahili ni lugha moja kati ya mamia. Kwenye maktaba ya Tanga riwaya zote za Kiswahili zina 896.3923 ileile. Tarakimu saba, na hakuna hata moja inayomtofautisha Shaaban Robert na Euphrase Kezilahabi. Kazi yote inafanywa na herufi tatu za jina la mwandishi zilizo chini yake.

Nazo herufi hizo zina vituko vyake. Kanuni za Kizungu huanza na jina la ukoo. Shaaban Robert hakuwa na ukoo unaoitwa Robert. Hilo ni jina la baba. Akiandikwa ROB kwenye maktaba moja na SHA kwenye nyingine, msomaji ndiye anayehangaika, kwa hiyo afadhali kuchagua moja na kuelekeza kutoka kwa nyingine. Muyaka bin Haji hana mjadala: MUY. Aliyewahurumia wakutubi ni Shafi Adam Shafi, ambaye ukimshika mbele au nyuma unapata SHA.

Sasa, mfumo wenyewe una mlango wa kutokea ambao watu hawaufungui. Majedwali ya Dewey yanaruhusu maktaba kuipa fasihi ya lugha yake nafasi ya mbele kwa kuingiza herufi. Ukichagua S kwa Kiswahili, msingi unakuwa 8S, riwaya zinakuwa 8S3, ushairi 8S1, nazo zote zinatangulia 810. Dini nayo ina ruhusa ya namna hiyo. Tarakimu saba zimekuwa alama tatu, na lebo inaenea hata kwenye kijitabu.

Mbona basi haifanyiki? Kwa sababu siku hizi mkutubi haandiki kila rekodi upya. Anaichukua iliyokwisha kuandikwa. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966 inayokusanya na kuorodhesha machapisho ya Afrika Mashariki. Rekodi za huko zikibeba namba ya Dewey, hiyo ni 896.392, si 8S. Ukifuta namba hiyo ndani ya rekodi na kuweka yako, umejitenga na wenzako: hawatatumia kazi yako, wala programu yako haitalinganisha yao na yako.

Jibu, kwa maoni yangu, ni kutenganisha rekodi na lebo. Katika programu ya Koha, inayotumika kwenye maktaba nyingi za vyuo vyetu, namba rasmi hukaa sehemu ya 082 ya rekodi, na namba ya nakala iliyo rafuni hukaa sehemu ya 952, kijisehemu "o". Acha 896.3923 kwenye ya kwanza. Kwenye ya pili andika 8S3 SHA, chapa lebo, bandika. Andika pia uamuzi huo kwenye daftari la sera, kwani mkutubi akihamishwa, atakayemfuata atadhani 8S ni makosa na kuanza kurekebisha.

Kitabu kikishakaa rafuni, bado kutafutwa. Mashine za kutafuta zilizoundwa kwa lugha za Ulaya hukata neno mkiani, kwa vile lugha hizo hubadilika mkiani. Sisi hubadilika kichwani: anayeandika "mwalimu*" hapati "walimu", na "kitabu*" haileti "vitabu". Kinyota hakina msaada. Kinachosaidia ni vichwa vya mada vya Kiswahili vilivyoandikwa kwa wingi, WALIMU, WATOTO, VITABU, na katika rekodi ya kila kichwa, sehemu ya 450, umoja wake uwe kielekezi. Ni kazi ya kuandika kwa mkono, kichwa kimoja kimoja, na ukianza na mada zinazoulizwa kila siku kaunta, utaona tofauti kabla hujafika nusu ya orodha.