Haki Bila Hakika: Kesi ya Shylock katika Mabepari wa Venisi

Safari hii tunapenda kuitazama tena tamthilia ya Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969. Kichwa cha Shakespeare kinamtaja mfanyabiashara mmoja. Mwalimu, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, aliwataja mabepari kwa wingi. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anaalikwa tangu jaladani kuwapima wote, si Shylock peke yake. Je, mahakama ya Venisi inafanya hivyo?

Tukumbushane kisa. Antonio anamkopea rafiki yake Bassanio dukati 3,000 kutoka kwa Shylock. Deni lisipolipwa kwa wakati, Shylock atakata ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio. Sharti hilo analileta kama mzaha tu, na huo ndio udanganyifu wa kwanza. Siku ya kesi anaingia mwanasheria kijana mwenye barua ya kumtambulisha. Kumbe ni Portia, mke wa Bassanio, aliyevaa kiume. Anamruhusu Shylock achukue nyama, ila asimwage hata tone la damu. Antonio anapona na watazamaji wanapiga makofi.

Wanafunzi wengi humwona Portia kuwa shujaa kamili. Sisi tunaona kwamba uongo wake una sehemu mbili, na ni vizuri kuzitenganisha. Kwanza anaficha kuwa ni mwanamke. Hapo hatumlaumu, kwani mahakama ile isingemsikiliza vinginevyo. Kosa ni la utaratibu uliomfungia mlango. Pili anaficha kuwa mkopo ule ulichukuliwa kwa ajili ya mumewe. Jambo hili Shylock alikuwa na haki ya kulijua kabla ya kumsifu kijana yule kuwa hakimu mwenye busara. Mtawala wa Venisi naye anaridhika na barua tu, haulizi zaidi.

Matokeo yake tunayaona mwishoni. Shauri lililofunguliwa kama la deni linageuka kuwa la jinai dhidi ya mdai. Antonio, ambaye ni upande mmoja wa kesi, anaachiwa kupendekeza masharti, na mojawapo ni kwamba Shylock aache dini yake. Shylock alikuja na kisu, hatumtetei. Lakini aliyehubiri huruma mwanzoni mwa kesi ananyamaza huruma inapohitajika upande wa pili.

Kwetu Burundi mizani ya kupimia tunayo. Mushingantahe husimikwa hadharani, mbele ya watu wanaomjua yeye na jamaa zake, naye huapa kusimamia ukweli. Neno lake lina uzito kwa sababu hakuna asiyejua ni nani anayesema. Mkataba wa Arusha uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000 ulitaja haja ya kuihuisha asasi hiyo. Mazungumzo yaliyozaa mkataba huo yaliongozwa na Mwalimu huyuhuyu hadi kifo chake mwezi Oktoba 1999, kisha na Nelson Mandela. Mpatanishi naye hukubalika pale tu pande zote zinapojua anasimama wapi.

Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Maneno haki na hakika yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Portia anampatia Antonio uhai wake, nasi tunafurahi, lakini mahakama inatoa haki ikiwa haina hakika hata ya jina la anayeishauri.

Wapo watakaosema kwamba uongo ule uliokoa roho ya mtu. Tunawajibu kwamba kilichomwokoa Antonio ni usomaji makini wa mkataba, na usomaji huo ungeweza kutolewa na mtu yeyote kwa jina lake halisi.

Walimu wenzetu wanaweza kulijaribu jambo hili darasani. Wanafunzi waliandike upya onyesho la mahakama: Portia aingie, ajitambulishe kuwa mke wa Bassanio, kisha atoe hoja ileile. Halafu darasa lijadili ni sehemu gani ya hukumu ingebaki, na ni ipi ambayo ingeona aibu kusomwa.