Mlezi Aliyejifunika Uso

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Waliotuachia methali hiyo walikuwa wakiwaza watoto wa watu, lakini leo naitumia kuwasifu walezi wa kiumbe mwingine: fisi maji wa bahari. Walezi hao wako Monterey, California, nchini Marekani, katika jumba la viumbe wa baharini liitwalo Monterey Bay Aquarium, ambalo tangu mwaka 1984 limekuwa likiwapokea watoto wa fisi maji waliopotezana na mama zao.

Jina lisikupotoshe, msomaji. Fisi maji hana undugu na fisi. Ndugu yake tunayemjua huku kwetu ni nyegere. Na huyu wa Pasifiki hafanani sana kimaisha na wale wa Ziwa Viktoria, kwani anaweza kulala, kuzaa na kunyonyesha akiwa majini. Maji yenyewe ni ya baridi kali, naye hana tabaka nene la mafuta kama nyangumi. Kinga yake ni manyoya. Sentimeta moja tu ya mraba ya ngozi yake huweza kuota nywele zaidi ya 100,000, karibu sawa na zile za kichwa kizima cha binadamu. Manyoya hayo ndiyo yaliyomponza. Wafanyabiashara wa ngozi walimwinda hata ikadhaniwa kuwa California imebaki bila fisi maji, mpaka mwaka 1938 lilipoonekana kundi la wanyama wapatao 50 pwani ya Big Sur. Fisi maji wote wa California leo, takriban 3,000, ni uzao wa masalia hayo. Ndiyo maana mtoto mmoja anayelia peke yake ufukweni si jambo dogo.

Baharini, mama humpakata mwanawe kifuani, akamlamba, akamchana na kumpulizia hewa ndani ya manyoya mpaka anaelea kama kizibo. Asipotunzwa hivyo, maji hupenya hadi kwenye ngozi na baridi ikamuua. Sasa mama hayupo. Mlezi anashika chupa ya maziwa yaliyotengenezwa kwa nyama ya kome na ngisi iliyosagwa. Mtoto akishashiba, kazi ndiyo kwanza inaanza: taulo, kitana, na vidole vinavyochambua manyoya fungu kwa fungu, tumboni, kwapani, chini ya kidevu, hadi yakauke na kutuna. Akimaliza, saa ya chupa nyingine imekaribia. Usiku na mchana ni hivyo hivyo.

Walezi wa mwanzo walikwenda mbali zaidi. Walijitosa ghubani na watoto wao, wakaogelea nao, wakawafundisha kupiga mbizi na kutafuta chakula. Watoto wakajua kuzama, lakini wakajua pia kwamba binadamu ndiye mama. Walipoachiwa huru, baadhi yao waliwafuata watu na vyombo vyao, ikabidi warudishwe. Mapenzi yaliyowaokoa yaligeuka kamba miguuni mwao.

Hapo ndipo ufundi huu ulipopevuka. Mlezi alivaa joho jeusi na kujifunika uso kwa barakoa kama ya fundi wa kuchomea vyuma, mtoto asiione sura ya mtu na kuizoea. Hebu fikiri. Kitu cha kwanza tunachompa mtoto ni uso wetu, tukangoja tabasamu lake kama malipo. Mlezi huyu anakesha, analisha, anachana, na malipo hayo anajinyima kwa hiari yake.

Kisha akajua pia pa kukomea. Mwaka 2001 fisi maji jike aliyeitwa Toola, mgonjwa wa kifafa asiyeweza kurudi baharini, alizaa mtoto mfu. Karibu na siku hizo aliletwa yatima. Walezi wakawakutanisha, na Toola akampokea kama wa tumbo lake. Lugha yetu imemsema vibaya sana mama wa kambo. Toola angetufanya tufute kauli. Hadi alipokufa mwaka 2012 alikuwa amelea watoto 13, akiwafundisha kile ambacho mkono wa mtu usingeweza kukifundisha vizuri: kulala chali, kuweka jiwe kifuani na kulipasulia gamba la kaa.

Majike wengine wakaifuata njia yake. Kati ya mwaka 2002 na 2016, watoto 37 waliolelewa hivyo waliachiwa katika hori la Elkhorn Slough. Wao na uzao wao wakawa chanzo cha zaidi ya nusu ya ongezeko la fisi maji mahali hapo. Na kwa kuwa fisi maji hula kaa, konokono wadogo wa baharini waliokuwa wakiliwa na kaa waliongezeka, wakasafisha majani ya nyasi za bahari, nazo zikastawi upya.

Fisi maji aliyelelewa vyema, akimwona mtu, hujitenga naye na kuendelea na maisha yake. Hakumbuki chupa wala taulo. Aliyemlea hana ushahidi mwingine wa kazi yake, na huo unamtosha.