Pongezi kwa Wafinyanzi wa Kwale

Kwale imevipa vyungu jina. Katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia Robert Soper alichimba huko, upande wa Milima ya Shimba, akaibua vigae vya watu wa mwanzoni mwa zama za chuma, walioishi karne za mwanzo baada ya Kristo. Wataalamu wakauita ufinyanzi ule "Kwale", na leo jina hilo hutajwa hata Usambara na Upare, ambako vyombo vya mtindo huo vimepatikana.

Pongezi zangu nazielekeza kwenye mdomo wa chombo. Hapo ndipo fundi alipomwaga maarifa yake: ukingo umenenepeshwa, ukakatwa mshazari, ukakatwa tena, pengine ukatiwa mifereji, kisha kukachanjwa mistari udongo ungali mbichi. Hakuwa na gurudumu wala rangi ya dukani. Kukata mshazari ulio sawa kuzunguka bakuli zima si mchezo. Mkono ukiteleza kidogo tu, jicho linaona. Anayebisha ajaribu.

Na chakula kingeiva vilevile bila nakshi! Methali yasema mfinyanzi hulia gaeni, lakini aliyehangaika hivi na ukingo wa bakuli, sidhani alikubali kulia gaeni.

Wenye hoteli za Diani wanaotaka sahani zenye nakshi ya hapahapa wasihangaike kutafuta mbali. Wampe mfinyanzi picha ya ukingo ule, na wamlipe vizuri.