Kaka Mkubwa Alibaki Nje

Katika shule nyingi za sekondari Tanzania, kipindi cha dini kikifika, darasa la kawaida hugeuka kanisa. Madawati yanasogezwa ukutani, na mwenyekiti wa UKWATA, naye mwanafunzi tu, anataja namba ya wimbo. Umoja huu wa Kikristo wa Wanafunzi Tanzania unawakusanya Walutheri, Waanglikana, Wamoraviani na wengineo kwenye benchi moja, na kwa hilo pekee unastahili pongezi.

Kinanda hakuna. Mmoja anaanzisha, besi wanaitikia kutoka nyuma, na kitabu cha Tenzi za Rohoni kilichochakaa, jalada limeshikizwa kwa selotepu, kinasomwa na watu watatu.

Halafu inasomwa Luka 15. Mfano wa mwana mpotevu kila mtu anadhani anaujua, mpaka swali litupwe: je, yule kaka mkubwa aliingia kwenye karamu ya mdogo wake aliyerudi nyumbani? Vidole vinakimbilia mistari ya mwisho. Luka hasemi! Baba ametoka nje kumbembeleza, na habari inakatikia hapo. Ndipo mjadala unapowaka. Mtu amefanya kazi miaka yote bila kupewa hata mwana-mbuzi. Hasira yake si ya haki? Wazaliwa wa kwanza wanamtetea kwa uchungu wa kweli, na wengine wanawajibu, Biblia mkononi. Mara nyingi mchungaji hayupo. Vijana wanafundishana wenyewe, na huo ndio uzuri wenyewe wa umoja huu.

Kengele ya prepo, muda wa kujisomea, inalia. Wimbo wa mwisho unaimbwa huku madawati yakirudishwa.