Hiari na Amri: Usasa kwa Nyerere na Kezilahabi
Katika Ujamaa Vijijini (1967), Nyerere anaijenga jamii mpya juu ya hiari: mkulima ashawishiwe, asilazimishwe. Kezilahabi, katika Gamba la Nyoka (1979), anaanzia pale hiari ilipokoma, yaani kwenye uhamishaji wa lazima wa miaka ya 1970. Kuisoma riwaya hii kama upinzani mtupu dhidi ya Ujamaa ni kuisoma nusu. Mambosasa na Mamboleo (majina yenyewe ni hoja) wanadhihirisha kuwa usasa haukataliwi. Kinachohojiwa ni mwenye kuuamuru. Kwa mwanafalsafa, anayekataa ni mtu ambaye bado hajaona mfano mzuri. Mwanariwaya anamwona kuwa ana sababu zake, na kuhamia kijiji kipya hakuziondoi.