Utani na Mzaha wa Redioni: Mizani ya Nachingwea na Ruangwa

Tangu matangazo ya redio ya Dar es Salaam yalipoanza mwaka 1951, mtangazaji amehesabiwa kuwa mmoja wa walimu wa Kiswahili. Maneno yake hufika mahali ambapo kitabu hakifiki, na matamshi yake huigwa na vijana. Kwa hiyo si jambo dogo anapolichukua neno la zamani na kulipa maana mpya. Neno linalochunguzwa hapa ni utani. Watangazaji wa vipindi vya mizaha, wakilaumiwa kwa kumtahayarisha mtu mbele ya wasikilizaji, aghalabu hujitetea kwamba ulikuwa utani tu. Hoja ya makala haya ni kwamba mzaha huo si utani, na kwamba tofauti hiyo huonekana wazi zaidi ikipimwa kwa mizani ya Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili za Mkoa wa Lindi.

Wamwera, ambao sarufi ya lugha yao iliandikwa na Lyndon Harries na kutolewa mwaka 1950, wamekaa huko kwa ujirani na Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wangindo. Mpango wa karanga uliofika Nachingwea baada ya Vita Kuu ya Pili ukaongeza wageni wa kutoka mbali. Mahali penye mchanganyiko wa namna hiyo hapana budi pawe na desturi ya kuishi pamoja bila kugombana, na mojawapo ni utani. R. E. Moreau, aliyeandika juu ya jambo hili katika miaka ya 1940, alionyesha kwamba utani wa makabila ya Tanganyika mara nyingi ulitokana na vita na misafara ya zamani: waliopigana, au waliosafiri pamoja, waligeuka kuwa watani. Upo pia utani wa babu na mjukuu, na wa mabinamu.

Utani huu una masharti. Kwanza, wataniao wanajulikana. Hapana mtani asiye na jina wala asili. Pili, haki ni ya pande zote mbili. Anayetania leo atataniwa kesho. Tatu, ni mwiko kukasirika, kwa kuwa kila mmoja aliujua mpaka kabla ya neno kutamkwa. Nne, na hili ndilo kubwa, mtani ana wajibu. Katika jamii nyingi za kusini, mtani ndiye anayekuja msibani kushika kazi nzito za maziko huku akiwachekesha wafiwa. Uhuru wa ulimi wake umelipiwa kwa jasho lake.

Sasa na utazamwe mzaha wa redioni. Mfano ujulikanao sana Tanzania ni wa Soudy Brown, aliyepata jina katika Clouds FM kwa kipindi kilichoitwa U Heard, ambamo aliwapigia simu wasanii na kuwauliza habari za mapenzi na ugomvi wao, na mazungumzo yakarushwa hewani. Kwa upande wa lugha, sanaa hii ina sifa zake, wala si haki kuzinyamazia. Majibizano ni mepesi. Aulizaye hukatiza, aulizwaye hufoka, na katika kufoka huko hutoka misemo ambayo mtungaji wa tamthilia asingeipata kwa kukaa mezani. Tena msanii naye aishi kwa kutajwa, na anaweza kujibu. Hapo mzaha waukaribia utani.

Walakini msanii hayumo peke yake katika habari zake. Mke, mchumba au jirani anayetajwa hewani hana simu mkononi. Yeye ametaniwa bila kuwa mtani, na sharti la pili limevunjika.

Jambo hili lilionekana kwa sura nyingine mwezi Septemba 2018, polisi wa Dar es Salaam walipomkamata mtangazaji huyo pamoja na mwimbaji Maua Sama, kwa sababu ya picha za video zilizoonyesha noti za Tanzania zikirushwa na kukanyagwa katika kucheza wimbo "Iokote". Hukumu ya sheria si kazi ya uhakiki. Linalohusu uhakiki ni ishara yenyewe. Jina la wimbo, likitazamwa peke yake, lina kiambishi i- kinachosimama badala ya kitu kisichotajwa. Fumbo la namna hiyo ni utamu wa Kiswahili, maana kila msikilizaji hujaza apendavyo. Noti zilipomwagwa sakafuni, fumbo lilikwisha. Kitu cha kuokotwa kikawa fedha, na fedha ikawa chini ya nyayo.

Nchi za kusini ziliingia katika msimu mgumu baada ya hapo. Mwezi Oktoba 2018 wakulima wa korosho walizikataa bei za wanunuzi, na tarehe 12 Novemba Serikali ikatangaza kwamba itazinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likatumwa kuzibeba. Kwa bei hiyo, noti moja ya shilingi 10,000 ilikuwa thamani ya kilo tatu za korosho zilizookotwa moja moja chini ya mikorosho. Nachingwea na Ruangwa hulima korosho. Huko kitenzi okota ni kazi ya mgongo ulioinama, nacho hakikuhitaji noti ili kupata maana.

Madhara yaweza kuwa mabaya zaidi ya tahayuri. Mwezi Desemba 2012 watangazaji wawili wa redio ya Sydney, Australia, walipiga simu katika hospitali moja ya London wakijifanya Malkia Elizabeth na mwanawe Charles. Muuguzi aliyepokea simu na kuipitisha alikutwa amekufa siku tatu baadaye. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Waliocheka walikuwa ng'ambo ya bahari, wala hapakuwa na mila iliyowapa wajibu katika msiba ule.

Haisemwi kwamba neno utani lifungiwe katika makabila. Mashabiki wa Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na matumizi hayo ni sahihi: pande mbili zinajulikana, na anayechekwa leo hungoja mechi ijayo acheke yeye. Watu wa Ruangwa, ambao timu ya Namungo imewaleta vigogo hao mlangoni mwao, wanalielewa bila kufasiriwa. Neno limepanuka na masharti yake yamebaki.

Basi kwa michezo ya redioni inayomvizia asiyejua, Kiswahili kina maneno ya kutosha: mzaha, dhihaka, kebehi, na pengine hila. Watungaji wa kamusi na wahakiki wayatumie kila moja mahali pake, na utetezi wa "utani tu" usipokelewe bila kuulizwa: aliyetaniwa alipewa nafasi gani ya kurudisha, na siku ya msiba wake, mtani huyo atashika jembe lipi?