Chungu cha Ikombe, Chakula cha Matema

Ushindani wa miji iliyo jirani ni mada ya zamani katika fasihi yetu. Mwanafunzi aombwapo mfano hutaja mara moja Mombasa na Lamu, wala hakosei. Vita vya Shela, vilivyopiganwa yapata mwaka 1812, viliwatenga watu wa miji hiyo miwili kwa silaha. Lakini mabishano yao yalikuwa pia ya maneno. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alirusha tungo zake kaskazini, na malenga wa Lamu, miongoni mwao Zahidi Mngumi, hawakukaa kimya. Kwa kuwa tungo hizo ziliandikwa na kuhifadhiwa, twaweza leo kuupima ushindani ule na kuuhakiki.

Lakini je, majirani ambao hawakuachiana diwani tuwahakiki vipi? Swali hili latupeleka mbali na pwani, hadi pembe ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa, mahali ambapo Milima ya Livingstone yashuka ghafula hadi majini. Hapo pana Matema, katika ncha ya uwanda wa Kyela, nchi ya Wanyakyusa yenye mpunga na ndizi. Ukiifuata pwani kuelekea kusini-mashariki, kwa mtumbwi au kwa njia nyembamba ya miguu, wafika Ikombe, kijiji cha Wakisi. Si miji mikubwa hii. Hata hivyo tofauti yake ni dhahiri kama ile ya Mombasa na Lamu. Wa Matema wana udongo wa kulima. Wa Ikombe, waliobanwa baina ya mlima na maji, wana uvuvi na ufinyanzi. Wanawake wao hufinyanga vyungu kwa mikono, bila gurudumu, huvichoma kwa moto wa wazi, kisha huvipakia mitumbwini na kuvipeleka katika soko la Jumamosi la Lyulilo, pale Matema.

Habari za nchi hii zimeandikwa kwa uangalifu mkubwa na Monica Wilson, aliyefanya utafiti wake pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930. Kitabu chake kiitwacho Good Company, kilichotoka mwaka 1951, kinaeleza vijiji vya rika vya Wanyakyusa: jinsi wavulana walivyoondoka nyumbani kwa wazazi wangali wadogo, wakajenga pamoja, na kukaa pamoja hadi uzee. Kiini cha maisha hayo, asema mwandishi, ni ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzi, kula pamoja, kunywa pamoja na kuzungumza. Ni kitabu kizuri, na atakayeandika juu ya Wanyakyusa bila kukisoma atajikosesha mengi.

Basi hapa ndipo penye hoja yangu. Ukwangala unakamilika kwa chakula na pombe. Na chakula na pombe havipikwi mikononi. Katika nchi ile chungu kilitoka kwa Mkisi. Hivyo kila mara wenzi wa rika moja walipoketi kula, katikati yao palikuwa na kazi ya mwanamke ambaye hakuwa wa rika lao, wala wa kijiji chao, wala wa lugha yao. Ushirika unaosifiwa kuwa ni wa walio sawa ulisimama juu ya chombo cha asiyehesabiwa ndani yake.

Huenda msomaji akajibu kwamba mwandishi alikusudia kueleza Wanyakyusa, na kwamba si haki kumdai habari za Wakisi. Jibu hilo lina uzito, lakini halitoshi. Mwandishi huyo huyo alitoa mwaka 1958 kitabu kingine, The Peoples of the Nyasa-Tanganyika Corridor, na humo Wakisi wana mahali pao pamoja na majirani wengine. Kwa hiyo hakukosa kuwajua. Lililotokea ni jambo la mpango wa uandishi: katika kitabu kimoja twapewa jamii iliyo hai, na katika kingine twapewa orodha ya makabila, kila moja katika fungu lake. Soko, ambalo ndilo lililowakutanisha, limeangukia katika pengo baina ya vitabu viwili. Msomaji hutoka na picha ya watu waliokaa kando kando, kumbe walikaa wakitegemeana na kushindana.

Maana ushindani ulikuwepo, na soko ndilo uwanja wake. Mwenye nafaka apima njaa ya mwenziwe. Mwenye chungu apima haja ya jiko la mwenziwe. Huyu agonga chungu kwa kidole asikilize mlio, kama una ufa. Yule atazama kilichomo kikapuni kabla hajataja bei. Hapa ndipo Matema yakutana na Mombasa. Muyaka asingeweza kumjibu Mlamu kama wote wawili hawakukubali vina na mizani. Shairi lilikuwa chombo chao cha pamoja, hata walipokitumia kutukanana. Vivyo hivyo chungu. Muuzaji na mnunuzi wasipokubaliana nini ni chungu chema, hapana bei, hapana ubishi, wala hapana ujirani. Ushindani wa namna hii si kinyume cha umoja. Ni aina yake mojawapo.

Kuna jambo la kutuhimiza tuyafikiri haya sasa. Sufuria na ndoo ya plastiki zimekwisha ingia katika majiko ambayo zamani yalitegemea Ikombe, na vyungu vingi husafirishwa hadi Mbeya na Dar es Salaam, ambako hununuliwa pengine kwa pambo. Tena Wakisi wenyewe wamegawanywa na mipaka ya utawala: Ikombe imo katika Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya, na wenzao wa Lumbila na Lupingu wamo katika Wilaya ya Ludewa, iliyo katika Mkoa wa Njombe tangu mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2012. Mnunuzi wa mjini akikiita chombo hicho chungu cha Kyela, kwa kuwa kilipitia Kyela, hakusema uongo wote. Lakini amemtukuza mwenye soko na kumsahau mwenye mikono. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Walisikitika kwamba hafaidi chombo chema alichokitengeneza. Na sasa yaelekea hata jina la chombo hicho litampita.

Yawapasa basi wanafunzi wetu wavisome vile vitabu viwili kwa pamoja, kisha waende Lyulilo siku ya Jumamosi wakiwa na daftari. Waandike majina ambayo wafinyanzi wenyewe huyapa maumbo ya vyungu vyao, na sifa wazitumiazo wanapokikubali chungu au kukikataa. Hayo ni maneno ya uhakiki, yaliyokomaa kabla ya vyuo vyetu, na hatuna diwani ya kutuhifadhia.